Nairobi, Dar, Kigali au Ghuba: Rubani Kijana Ajiunge Wapi?

Waache marubani wawili kwenye chumba cha kusubiri kazi, chai mbele yao, uone kama watazungumzia mawingu. Watazungumzia rosta, yaani ratiba ya zamu. Nani kaacha kazi, nani kaitwa simuleta (mashine ya mazoezi ya kuruka), kwa nini ndege mbili zimelala hangani, na lile tangazo la ushirikiano na shirika la nje litawaongezea safari au litawapunguzia. Anayesikiliza pembeni atadhani ni umbea. Lakini mambo hayo hayo ndiyo yatakayoamua kama kijana anayeingia leo atakuwa kapteni baada ya miaka sita au kumi na mitano.

Makala hii ni ya rubani wa Afrika Mashariki mwenye leseni ya biashara na saa zake za kuruka ndege za panga kama Caravan, ATR au Dash 8, anayepima pa kupeleka maombi. Nimelinganisha njia nne: Kenya Airways, Air Tanzania, RwandAir, na Ghuba, yaani Emirates na Qatar Airways. Hayo mawili ya mwisho nimeyatia kapu moja kwa kuwa maisha ya rubani Dubai na Doha yanafanana mno. Ethiopian sikuiweka. Ni kubwa kuliko zote barani, ila marubani wake wengi huwalea yenyewe kwenye chuo chake cha Addis Ababa, na mlango wa mgeni kijana ni mwembamba.

Mshahara pia sikuufanya kigezo. Kila mtu huuliza huo kwanza, na ndio jambo rahisi kuliko yote kulijua: liko kwenye barua ya ajira. Yasiyoandikwa kwenye barua ndiyo haya manne.

Vigezo

*Watu kwa ndege.* Ndege moja haiendeshwi na marubani wawili. Ili iruke kila siku na watu wapumzike kama kanuni zinavyotaka, inahitaji jozi kadhaa, na ya njia ndefu inahitaji nyingi zaidi. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, humzuia rubani kupita saa 100 za kuruka ndani ya siku 28, na saa 900 kwa mwaka. Shirika lenye watu wachache litakusukuma karibu na ukuta huo. Lenye ndege chache kuliko watu litakuweka standbai (kusubiri kuitwa), ulale nyumbani, na kitabu chako cha saa kisijae. Wakubwa wanaijua tofauti:

“Kapteni, mwezi huu wameniweka standbai kupita kiasi.”

“Shukuru, mdogo wangu. Siku utakayoanza kupigiwa simu kuombwa siku zako za mapumziko, ujue watu wamekwisha.”

Ukisikia shirika lina “upungufu,” basi, uliza: limepungukiwa marubani au ndege? Upungufu wa marubani unakupandisha haraka. Ule wa ndege unakusimamisha, hata kama shirika linaendelea kuajiri.

*Kitovu.* Mji wa kitovu, yaani ambako ndege za shirika huanzia na kukutana, ndio mji wako. Angalia abiria wake wanatoka wapi na kwenda wapi: ni watu wa mji wenyewe, au ni wa kuunganisha ndege tu? Angalia pia nani mwingine anagombea abiria hao hao.

*Washirika wa njia.* Hapa vijana wengi hudanganyika na bango. Kuna kuuziana viti, ambapo namba ya shirika lako inabandikwa kwenye ndege ya mwenzako: abiria ni wenu, lakini anayeruka ni rubani wa mwenzako. Kuna biashara ya pamoja, ambapo mapato ya njia hugawanywa na swali huwa ni ndege za nani zinaruka mara nyingi zaidi. Kisha kuna kukodisha ndege pamoja na watu wake, ambapo shirika moja linarusha safari kwa jina la jingine. Meneja huziita zote “ushirikiano.” Rubani anauliza jambo moja: nani anakaa mbele?

*Mlango wa kutokea.* Bondi ya mafunzo, yaani ahadi ya kutoondoka kabla ya kufidia gharama za kufundishwa, ni ya miaka mingapi? Kuna chama cha kukusemea? Kibali chako cha kuishi nchini kimefungwa na kazi? Na usisahau ukongwe: kwenye mashirika mengi, namba yako kwenye orodha ndiyo huamua ndege, likizo na kupandishwa cheo. Ukihama, unaanza mkiani.

Kenya Airways

*Watu.* Ngazi ya KQ, kama Kenya Airways inavyoitwa kwa kifupi, inaeleweka kirahisi: Embraer 190 kwa miji ya karibu, Boeing 737-800 katikati, 787-8 juu. Aina tatu kwa shirika la ukubwa ule ni mpangilio mzuri, kwa sababu mtu akipanda juu anaacha nafasi chini yake. Tatizo ni kwamba ngazi hiyo hiyo ikikwama juu, inakwama yote. Mwaka 2025, 787 tatu kati ya tisa zilikaa chini kwa shida ya injini na vipuri. Nusu ya kwanza ya mwaka huo ikaisha kwa hasara ya karibu Sh bilioni 12 za Kenya, na hiyo ni baada ya mwaka 2024 wa faida ya bilioni 5.4, faida ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hesabu za ofisini hizo ni tarakimu. Kwa rubani msaidizi wa Embraer maana yake ni kwamba mkubwa wake wa 737 hajapanda, basi naye hajapanda.

Nairobi pia imezoea kuwapoteza marubani wenye uzoefu kwenda Ghuba. Wanapoondoka wengi kwa pamoja, vijana hupata nafasi. Wanapoacha kuondoka, foleni inarefuka.

*Kitovu.* JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyembamba na joto la mchana hupunguza uzito ambao ndege inaweza kupaa nao, na rubani wa pale hujifunza hesabu za kupaa kwa heshima. Ni kitovu cha kuunganisha hasa: mtu wa Lusaka au Lilongwe huletwa Nairobi, akapelekwa London, Mumbai au New York. Safari ya New York ilianza Oktoba 2018, karibu saa 15 angani na marubani wanne kwenye ndege. Inaonekana tamu kwenye wasifu, lakini ipime vizuri: saa zinajaa, kutua hakuongezeki. Kijana wa Embraer anaweza kutua mara nyingi kwa wiki moja kuliko mwenzake wa 787 kwa mwezi. Njia ya Mombasa, iliyokuwa shule ya wengi, tangu 2017 ina mpinzani wa reli ya SGR, na bei za chini zimeachiwa Jambojet na Dash 8 zake.

*Washirika.* Hakuna shirika la Afrika Mashariki lenye historia ya kufundisha zaidi kwenye kigezo hiki. KLM iliingia mwaka 1996 kwa kununua asilimia 26, KQ ikajiunga kamili na SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, mwaka 2010, na biashara ya pamoja ya njia za Ulaya ikadumu mpaka Septemba 2021 ilipovunjwa. Chama cha marubani, KALPA, kilikuwa kimelalamikia mpango huo miaka mingi, kikisema unaunufaisha upande wa pili. Ukubaliane nacho usikubaliane, hoja yake ni ya kiutendaji: mapato ya njia ya Nairobi na Amsterdam yanaweza kugawanywa, lakini kiti cha mbele hakigawanyiki. Mwaka 2021 KQ ilitia saini na South African Airways mpango wa kujenga kundi la Afrika nzima. Mpaka uuone kwenye rosta, usiuhesabu.

*Mlango.* Una sauti. Novemba 2022 marubani waligoma kwa siku chache, wakidai pamoja na mengine michango ya mfuko wao wa akiba irudishwe, kabla ya mahakama kuwaamuru warudi kazini. Sauti hiyo ina gharama: abiria walikwama, na uhusiano na uongozi ukachubuka. Ila unapokuwa na mgogoro na kampuni, si wewe peke yako mbele ya meza.

Inamfaa Mkenya anayetaka ngazi inayoonekana, anayependa kazi yenye chama, na anayeweza kuvumilia miaka ya foleni kusimama.

Air Tanzania

*Watu.* Tangu kufufuliwa mwaka 2016 kwa Dash 8 mbili za aina ya Q400, ATCL, yaani kampuni ya Air Tanzania, imefika ndege 16. Zitazame vizuri: Dash 8, Airbus A220-300, Boeing 737 MAX 9, 787-8, na 767 ya mizigo. Rubani hafanyi kazi kwenye ndege asiyo na kibali cha aina yake, kwa hiyo kundi la marubani limekatwa vipande vitano kwa ndege 16 tu. Mtu wa A220 akiugua, wa 737 hawezi kumshikia zamu hata kama amekaa bure jirani yake. Na A220 zenyewe ndizo zilizoumia zaidi. ATCL ilikuwa ya kwanza Afrika kuipokea, Desemba 2018, halafu matatizo ya injini za Pratt & Whitney, yaliyokumba mashirika mengi duniani, yakazilaza chini kwa vipindi virefu. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeyasema haya pamoja na hasara za kampuni, mwaka baada ya mwaka.

Sura ya pili ya jambo hilo hilo: aina nyingi na kundi dogo maana yake kijana anaweza kuvuka kutoka Dash 8 hadi ndege ya jeti mapema kuliko Nairobi, kwa sababu kila kundi dogo linahitaji watu wake. Mimi ningesema hii ndiyo faida kubwa ya ATCL, na watu wengi hawaitaji.

*Kitovu.* Dar es Salaam iko usawa wa bahari, kupaa hakuna mashaka ya Nairobi, na Terminal 3 ya uwanja wake, JNIA, iliyofunguliwa 2019 ina nafasi. Abiria wengi ni wa nyumbani: Mwanza, Dodoma, Kilimanjaro, Mbeya, Zanzibar. Hii ni kazi ya kutua mara nyingi na kulala kwako. Ila kuna ushindani wa pande mbili. Kwa nje, watalii wa Zanzibar na Kilimanjaro huletwa moja kwa moja na mashirika makubwa bila kugusa Dar. Kwa ndani, treni ya SGR ilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na mtumishi wa serikali aliyekuwa hakosi ndege ya asubuhi sasa ana chaguo jingine.

*Washirika.* ATCL haimo kwenye muungano wowote wa mashirika. Ndoa yake na South African Airways, iliyoanza 2002 kwa asilimia 49, ilivunjika 2006 na kuiacha hoi. Na Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha yake ya mashirika yasiyoruhusiwa anga lake. Juni 2025 orodha ikapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Saa zako za kuruka hazifutwi na orodha hiyo. Lakini njia ya Ulaya kwa 787 imefungwa, na shirika la Ulaya haliwezi kirahisi kubandika namba yake kwenye ndege zenu. Zinabaki njia kama Guangzhou, Mumbai, Dubai na Johannesburg. Kwa upande mwingine, pasipo mshirika mkubwa, kila njia inayofunguliwa inarushwa na marubani wa nyumbani.

*Mlango.* Ndege zilinunuliwa na serikali kupitia wakala wake, TGFA, na ATCL imekuwa ikizikodi. Hatima ya shirika iko karibu na bajeti na siasa kuliko soko. Halitafungwa kirahisi, wala haliamui mambo yake yote lenyewe. Bondi isome mstari kwa mstari, hasa kifungu cha nani analipa iwapo ndege uliyofundishiwa itakaa chini na saa zako zikasimama.

Inamfaa Mtanzania mwenye saa za kati anayetaka jeti mapema, mwenye familia Dar, asiye na haraka ya Ulaya.

RwandAir

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu mustakabali wa shirika lenyewe haujatulia.

*Watu.* Kundi dogo, aina kadhaa kuanzia Q400 mpaka Airbus A330, na desturi ya kuajiri marubani wa nje, jambo ambalo Nairobi na Dar hufanya kwa kusitasita. Kwa Mkenya, Mganda au Mtanzania aliyekosa nafasi nyumbani, Kigali ni mlango halisi. *Kitovu* ni kidogo, kiko juu karibu kama Nairobi, na abiria wa mji wenyewe hawatoshi, kwa hiyo kila kitu kinategemea kuunganisha. Uwanja mpya wa Bugesera umebuniwa kubadilisha hilo. *Washirika* ni jina moja: Qatar Airways, iliyokubali mwaka 2019 kuchukua asilimia 60 ya Bugesera, ikaingia makubaliano ya kuuziana viti na RwandAir mwaka 2021, na mazungumzo ya kununua asilimia 49 ya shirika lenyewe yamesikika tangu 2020. Mshirika mkubwa kiasi hicho anaweza kukuletea ndege mpya au kukuachia safari za kulisha Doha. Yote mawili yamewahi kutokea kwingine.

*Mlango* una siasa za jirani. Februari 2025 Kongo ilizifungia ndege za Rwanda anga lake, na safari za magharibi na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Rubani analipwa saa za kuzunguka. Kampuni inalipa mafuta.

Inamfaa mwenye kutaka njia ndefu bila kwenda mbali na kwao, na ambaye yuko tayari kuwa mgeni kwenye shirika linaloweza kubadilika sura.

Ghuba: Emirates na Qatar Airways

*Watu.* Idadi ya marubani pale inahesabiwa kwa maelfu, wa mataifa zaidi ya mia. Emirates haina ndege ndogo kabisa: ni 777, A380, na tangu Januari 2025 A350. Hakuna ngazi ya kuanzia chini. Unaingia kwenye ndege kubwa moja kwa moja, mradi saa zako zinakubalika. Mashirika haya yanakua kwa kasi, na yanapokua yanavuta watu kutoka kwetu. Lakini mwaka 2020 Emirates iliachisha kazi mamia ya marubani. Baadaye wengine waliitwa tena.

*Kitovu.* Kimoja tu, kwa kila shirika. Ndege za Dar, Nairobi, Manila na Manchester zinakutana usiku wa manane ili abiria wabadilishane, kwa hiyo mwili wako utasahau usiku ni nini. Faida ya kitovu kimoja ni kwamba ukiwa mjini uko nyumbani, hakuna kuhamishwa. Hasara ni kwamba kikifungwa, kila kitu kimefungwa: Qatar ilikaa kuanzia Juni 2017 hadi Januari 2021 chini ya vikwazo vya majirani zake, anga likiwa limebanwa pande tatu. Dubai nayo imepanga kuhamishia shughuli zake zote Al Maktoum, kusini mwa mji. Anayenunua nyumba karibu na uwanja wa sasa afikirie hilo.

*Washirika.* Emirates haijajiunga na muungano wowote. Inashirikiana na Qantas tangu 2013, flydubai tangu 2017, kisha United na Air Canada. Qatar imo kwenye muungano wa oneworld tangu 2013 na hununua hisa huku na kule: asilimia 25 ya Airlink ya Afrika Kusini, asilimia 25 ya Virgin Australia. Mfano wa Virgin Australia unafaa kusomwa na kila rubani. Safari zake kati ya Australia na Doha zilizoanza Juni 2025 zinarushwa kwa ndege na marubani wa Qatar. Hapo ushirikiano umemwongezea rubani wa Doha kazi, na yule wa upande wa pili akabaki anatazama. Kwa hiyo kama uko upande wenye ndege, ushirikiano wa namna hii ni rafiki yako.

*Mlango.* Hakuna chama cha marubani. Kibali cha kuishi kimefungwa na mwajiri, na nyumba na ada za shule za watoto mara nyingi ni sehemu ya mkataba. Kazi ikiisha, vinaisha kwa pamoja. Kodi ya mapato haipo, na ndiyo sababu wengi huvumilia yote hayo miaka kumi, kisha hurudi nyumbani na kujenga.

Inamfaa mwenye saa nyingi tayari, asiyejali kuishi bila usiku, na mwenye mpango wa kurudi ulioandikwa, si wa kichwani.

Kwa hali yako

Kama wewe ni Mkenya mwenye saa karibu 1,500 na nafasi ya KQ iko wazi, uliza jambo moja kabla ya kusaini: 787 ngapi zinaruka wiki hii? Zikiwa zote, ingia. Zikiwa pungufu, ingia ukijua kwamba huendi popote kwa muda.

Kama wewe ni Mtanzania na umechoka na Dash 8, ATCL ina njia fupi kuelekea jeti. Omba 737 kabla ya A220 kama unaruhusiwa kuchagua. 737 inauzika kwingine duniani kwa urahisi zaidi, na haisubiri injini zile.

Kama una watoto wadogo na mwenzi mwenye kazi yake mjini, Dar na Nairobi zina jambo ambalo Dubai haiwezi kukupa: ukifukuzwa leo, kesho bado unaishi pale pale.

Kama umevuka miaka 45, hesabu kurudi nyuma kutoka 65, umri ambao ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, imeuweka kuwa mwisho wa urubani wa safari za kimataifa za marubani wawili. Kuanza mkiani Doha ukiwa na miaka 46 si jambo baya, ila usilifanye kwa ajili ya ukongwe, maana hautaupata. Lifanye kwa ajili ya fedha.

Kama Kigali imekupa barua na nyumbani hawajajibu, ichukue, lakini bondi isizidi muda ambao uko tayari kusubiri Qatar iamue.

Na kama una saa chini ya 500, hakuna hata moja kati ya hizi nne ya kukusumbua usingizi sasa hivi. Nenda uwanja wa Wilson, Nairobi, au Terminal 1 ya Dar, kwenye kampuni za Caravan zinazokwenda Seronera, Mafia na Maasai Mara. Huenda ukawa peke yako mbele, utapakia mabegi ya watalii kwa mkono wako, na utatua kwenye vumbi huku ukizunguka kwanza kufukuza pundamilia. Saa za kuwa peke yako zinaandikwa kama saa za rubani mkuu, na ni hizo ambazo mwajiri yeyote kati ya hawa atafungua kitabu chako kuzitafuta kwanza.